Kasuku na Mistari ya Okapi

Kasuku hakuzaliwa na kitu. Alitolewa kwenye shimo la mti, upande wa Opala, kabla hajajua kuruka. Akatiwa kapuni, akafungwa nyuma ya baiskeli, akakokotwa kwenye matope hadi Kisangani, na huko akanunuliwa na mwenye duka la almasi katika Makiso. Zilikuwa zile enzi ambazo kuta za maduka hayo zilichorwa almasi kubwa kama boga, na mwenye duka akichorwa kando yake, mwembamba kuliko alivyo. Tundu la Kasuku lilitundikwa juu ya mizani.

Shule yake ikawa hiyo. Wachimbaji waliingia na matope hadi magotini, wakafungua kikaratasi kilichokunjwa mara nane, wakamwaga vijiwe mezani. Mwenye duka alichukua kimoja, akakitazama kwa kioo, akavuta pumzi, akasema, "Kidogo. Kina doa. Lakini nina imani na wewe." Ndipo akataja bei. Mchimbaji akishatoka, mwenye duka alicheka peke yake, kicheko kifupi cha puani. Kasuku akayashika yote kwa mpangilio wake: kidogo, doa, imani, kicheko.

Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Mamia ya raia walikufa, na wengi wao walizikwa uani kwao kwa sababu njia ya makaburini haikupitika. Kombora moja lilitoboa paa la duka. Mwenye duka alikimbia na mizani, akamwacha ndege. Tundu likaanguka, mlango ukafunguka, Kasuku akaruka juu ya moshi na hakugeuka nyuma. Miaka baadaye, kila alipoulizwa juu ya siku zile, alijibu kwamba zilimfundisha "kuzoea hatari".

Wenzake msituni walijua mti gani huzaa lini, mvua hutokea upande gani, nyoka hulala wapi. Yeye hakujua hata moja kati ya hayo. Alijua maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, na msituni, kama ilivyo mjini, hilo huitwa uzoefu.

Basi akaitisha mkutano wa wenye mali. Mali ya msitu wa Tshopo ni chikichi, na si kwa bahati tu. Yangambi, kilomita mia hivi ukishuka mto, ndiko wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walikochunguza michikichi ya Wabelgiji, na mwaka 1941 wakachapisha siri ya ule wenye ganda jembamba, tenera, ambao leo umejaa mashamba ya Malaysia na Indonesia. Wazo kubwa lililotoka huku lilitoka kwenye kitalu cha miche, kwa watu wa mshahara, baada ya miaka mingi ya kusubiri miti ikue. Kasuku hakuwahi kulitaja katika hotuba zake. Kusubiri mti ukue si habari ya kusisimua.

Papa Tembo akaleta vikapu 600. Mama Kiboko akaleta 300. Nyati, ambaye hapendi kuonekana maskini, akaleta 100.

"Hivi vikapu 1,000," alisema Kasuku, "tutaviita Mfuko. Nitawatafutia wanyama wenye akili na njaa. Nitawapa chikichi, nao watanipa fungu la kile watakachokuwa. Baada ya miaka 10 tutagawana. Kwa kazi ya kuutunza Mfuko nitachukua vikapu 2 kwa kila 100, kila mwaka. Faida ikija, katika kila vikapu 100 vya faida, 20 ni vyangu."

Huo ndio utaratibu wa kawaida wa mifuko hii duniani, mbili na ishirini, wala Kasuku hakuubuni. Tembo akapiga hesabu kwa mguu kwenye vumbi. Vikapu 20 kila mwaka, kwa miaka 10, ni 200.

"Na chikichi zikipotea?"

"Papa Tembo, biashara hii ni hatari."

"Hatari ya nani?"

"Yetu sote," Kasuku akasema.

Kobe alikuwa kwenye nyasi, hakualikwa. "Wewe umeweka vikapu vingapi, Yaya Kasuku?"

"Mimi nimeweka jicho."

Wakacheka, na aliyecheka na wenzake huona haya kuuliza tena. Ili kufunga mazungumzo, Kasuku akawasimulia kisa kinachosimuliwa kila mahali panapokusanywa chikichi za namna hii. Mwaka 1946, huko Boston, Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa, na wenzake walianzisha mfuko. Mwaka 1957 mfuko huo uliwapa dola 70,000 vijana wawili waliotaka kuunda kompyuta, kampuni yao wakaiita Digital. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sitini fungu lile lilithaminiwa zaidi ya dola milioni 350. Kisa ni cha kweli kabisa. Nacho husimuliwa bila kutaja kampuni nyingine walizozipa fedha, ambazo leo ni wachache wanaozikumbuka.

Msomaji wa Kisangani asidhani mambo haya yametufikia jana kwa intaneti. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa maporomoko haya haya ya Kisangani kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, hakuja na mali yake mwenyewe. Nguo, shanga na baruti alizikopa Zanzibar kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi, ambaye alisubiri miaka pembe za ndovu zirudi. Wengine aliowakopesha walifia njiani, au walirudi na madeni, na pembe za mmoja zililipia hasara ya wengi. Hesabu ni ile ile ya Boston, kasoro karatasi. Waliozibeba pembe zile mabegani hadi pwani, wengi wao kwa minyororo, hawakuandikiwa fungu.

Tuendelee na ndege wetu.

Usiku wa kusikiliza mawazo ulifanyika kwenye kichaka kando ya mto Tshopo, si mbali na lile bwawa la umeme la enzi za Wabelgiji. Umeme, bila shaka, ulikuwa umekatika. Wanyama walijipanga gizani. Kima alitaka kuwapikia wanyama chakula cha mchana na kukirusha toka mti hadi mti, kwa sababu, alisema, amezunguka msitu siku tatu bila kuona cha kula cha bei nafuu. Wanyama walioketi wakitafuna matunda waliyookota njiani walitazamana. Kasuku akampa vikapu 80. (Nairobi waliona kitu kama hicho mwaka 2021: kampuni ya Kune ilipata dola milioni 1 kuuza chakula cha bei nafuu katika mji wenye vibanda vya mama ntilie kila kona. Juni 2022 ikafungwa.) Popo akaja na mpango wa kuwatunzia wanyama wote akiba zao kichwani mwake, kichwa chini. Akapewa 120.

Kisha akapanda Mama Fisimaji, mkia ukichuruzika.

Yeye aliishi Wagenia, pale mto wenyewe unapoporomoka mara ya mwisho katika yale maporomoko saba yanayoanzia Ubundu. Alikuwa amewatazama wavuvi Wagenia wakisimika magogo matatu matatu katikati ya maji makali, wakiyafunga kwa kamba za msituni na kuning'iniza madema makubwa yenye mdomo mpana kama tarumbeta. Samaki anaingia kwa nguvu za maji, na kwa nguvu hizo hizo hawezi kutoka. Fisimaji aliiga, kwa kimo chake.

"Nina madema 12," alisema. "Maji yakijaa nayatoa na samaki 20 asubuhi, yakipungua 7. Kamba zinaoza kila msimu. Naomba vikapu 30 ninunue kamba na madema mapya. Misimu miwili, nitarudisha 36."

"Mama, biashara hii itakua mara ngapi?"

"Mto una samaki wake, Yaya. Haukui."

"Ukiweka madema kwenye kila mto hadi Kinshasa?"

"Kinshasa maji hayaporomoki hivi. Na madema yakiwa mengi, nani ataamka kuyainua?"

Kasuku akavuta pumzi. "Kidogo," akasema. "Kina doa. Lakini nina imani na wewe." Na kicheko cha puani kikamponyoka, kwa mazoea.

"Mwenye imani hatoi kitu?"

"Rudi ukishakuwa mkubwa."

"Nikishakuwa mkubwa, Yaya, nitakutaka wa nini?"

Haki itendeke: Kasuku hakuwa mjinga, na hesabu yake haikuwa ya uongo. Akiwapa wanyama 10, nane watakufa, mmoja atarudisha kilicho chake, na aliyebaki inabidi awalipie wote. Vikapu 36 kwa 30 havimlipii mtu msiba wa jirani. Kwa hiyo kila anayeingia lazima aonekane kama anaweza kuwa yule mmoja, na asiyeonekana hivyo hupewa imani. Ila ukishaiweka sheria hiyo, katika mto mzima unakuwa umefukuza kila mwenye dema.

Na yule mmoja, msituni kwetu, anaitwa Okapi.

Huko California mwekezaji Aileen Lee, mwaka 2013, alitafuta jina la kampuni changa yenye thamani ya dola bilioni moja, akaiita farasi wa pembe moja, mnyama wa hadithi. Watu wa huku hawakuhitaji hadithi. Wazungu wa zamani walimwita okapi jina hilo hilo, kwa kuwa walimsikia tu na hawakumwona, hadi mwaka 1901 ngozi yake ilipofika London na wataalamu wakakubali yupo. Wambuti walikuwa wamemjua siku zote. Anaishi Kongo tu, peke yake peke yake, ana aibu, na mistari yake myeupe iko zaidi nyuma: ukiiona, ujue anaondoka.

Wa mwisho kupanda usiku ule alikuwa Funo, paa mdogo mwekundu. Wazo lake lilikuwa kubeba mizigo ya wanyama wengine. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Nguruwe-mwitu aliifanya miaka yote, chikichi 1 kwa safari, na wanyama walimwita Toleka kama tunavyoziita baiskeli zetu za abiria, kwa Kilingala "tupite". Kasuku alimzunguka Funo, akamtazama kwa nyuma.

"Ungekuwa na mistari," alisema taratibu.

Kesho yake Funo alikwenda kwenye ukingo wenye udongo mweupe, akachovya jani, akajichora makalio na mapaja. Mstari wa kwanza ulipinda. Akaufuta kwa mate, akauchora upya. Alipomaliza alitembea kinyumenyume hadi kwa Kasuku.

Kasuku akampa vikapu 100 kwa fungu moja la kumi. Maana yake Funo mzima ana thamani ya 1,000. Mwezi haujaisha, Kasuku akavuka kwa mtumbwi hadi Lubunga, kwa binamu yake mwenye mfuko wake, na binamu akanunua fungu moja la kumi kwa vikapu 600. Maana yake Funo mzima sasa ni 6,000. Fungu la Kasuku, lililonunuliwa kwa 100, likaandikwa gomeni 600. Kwa hisani hiyo, Kasuku naye akanunua fungu la Kima wa Lubunga, aliyekuwa na mistari kadhaa. Hakuna chikichi hata moja iliyoota katika shughuli yote hiyo. Kobe aliuliza Funo anabeba mizigo mingapi kwa siku na anabakiwa na nini. Akaambiwa swali hilo limepitwa na wakati.

Funo alibakiwa na kilio, kwa kweli, kwa sababu alibeba bure. Kasuku ndiye aliyemwamuru. "Beba bure hadi Nguruwe aache." Kila mzigo ulilipiwa na vikapu vya Tembo. Wanyama walifurahi; Tembo mwenyewe alituma mizigo yake bure na kumsifu Funo kwa wepesi, asijue anasifu akiba yake. Nguruwe alivumilia msimu mmoja. Wa pili aliingia msituni na watoto wake, na njia aliyoikanyaga miaka 20 ikaota nyasi.

Hapo Kasuku akaitisha mkutano tena. Akafungua gome, akaonyesha: 100 imekuwa 600. Kima amekufa, ndiyo, na Popo amesahau akiba za nani ni za nani, lakini tazameni hapa, mara sita! Tembo akaleta vikapu 2,000. Nyati akauza kisima. Hata Chui, asiyekula chikichi, akatafuta za kuleta asibaki nyuma. Mfuko wa Pili ulifungwa na vikapu 5,000, na ujira wa kuutunza ukawa 100 kwa mwaka. Wapwa wa Kasuku wakapata kazi wote.

Mwezi mmoja baadaye akaja Mamba wa Kinshasa, aliyepanda mto wiki tatu akisukumwa na tetesi za Okapi wa kuuzwa. Kasuku alitandika majani ya ndizi. Funo akasimamishwa kwenye kilima, mgongo kwa wageni.

Kisangani mvua haina msimu wa kupumzika. Kila mtoto wa hapa anajua. Ilianza saa nane mchana. Mstari wa juu ulitangulia, ukateremka hadi kwenye goti, ukakutana na wa pili, ikawa tope la maziwa. Funo hakuthubutu kugeuka. Mamba alitazama hadi mvua ilipokatika. Alichokiona ni paa mdogo mwekundu, amelowa, kwato zake zimesimama kwenye kidimbwi cheupe.

"Huyu ni Funo," akasema Mamba, akarudi majini.

Kasuku akawaandikia wenye mali ujumbe mfupi kwenye gome. Ulisema wamejifunza mengi. Ulisema njia ya mizigo "imebadilika kabisa", na hilo lilikuwa kweli, maana haikuwa na mbebaji tena. Wanyama walibeba wenyewe vichwani. Vikapu vya Mfuko wa Kwanza havikurudi. Alipoulizwa kuhusu vile 20 vya kila mwaka, alieleza kwa upole kwamba hivyo vililipwa kwa kazi, na kazi ilifanyika.

Toka hapo nyota yake ilipanda. Alialikwa Kinshasa, Kigali na Nairobi kuzungumza juu ya kushindwa kwa heshima. Anaanza kila mara na M-Pesa ya mwaka 2007, kama kwamba ilitoka kwenye mfuko kama wake. Ilitoka kampuni ya simu, kwa msaada wa karibu pauni milioni 1 za walipa kodi wa Uingereza. Hataji Sendy iliyofungwa 2023, wala Copia iliyowekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa kijivu imepigwa marufuku, ulinzi ambao, nakiri, aliustahili tangu siku ile ya kapu na baiskeli. Siku hizi yeye huuza, hauzwi. Sasa yuko kwenye Mfuko wa Tatu.

Juzi alishuka Wagenia, akatua juu ya gogo. Chini yake madema yalikuwa 22. Fisimaji alikuwa ameingia likelemba, yaani upatu, na Kobe, mdiria na wengine saba, kila mmoja vikapu 3 kwa mwezi, na zamu yake ilifika mwezi wa nne. Ilikuwa 30 kamili. Mezani pa likelemba hakuna aliyemwuliza atakua mara ngapi. Nguruwe naye ni mwanachama; zamu yake ni Desemba, anataka kufyeka njia.

"Mama Fisimaji," Kasuku alisema, "nilikuwa na imani na wewe tangu mwanzo. Nipe fungu moja la kumi. Tutaupaka huo mkia mistari miwili tu."

Fisimaji alikuwa ameshika kamba kwa meno, hakuweza kujibu. Akainua dema, akahesabu, akatupa wadogo majini. Halafu akamwomba Yaya Kasuku ahame kwenye gogo, maana linafungwa upya leo.

Nawe msomaji, ukienda Wagenia kutafuta samaki wa Fisimaji, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Huisha mapema, na hakopeshi.